Sauti mbili kwanza: jibu kwa mpiga kinanda wa Uyole

Msomaji wetu wa Uyole, Mbeya, ameandika hivi kuhusu vibrafoni, chombo cha vibao vya chuma kinachopigwa kwa vijiti:

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 23, napiga kinanda kwenye kwaya ya kanisa. Kituo cha vijana cha hapa kwetu kimepewa vibrafoni ya zamani na wageni, ila mota yake haizunguki. Naruhusiwa kuipiga Jumanne na Jumamosi, saa moja moja. Nataka kupiga jazi. Nikishika vijiti vinne na kupiga kodi (sauti kadhaa kwa pamoja), sauti zinachanganyikana mpaka hazieleweki. Nikitaka kubuni solo, najikuta napanda na kushuka skeli (ngazi ya nota) tu. Nianzie wapi? Na je, nitafute fundi wa mota kwanza?"

Marahaba, mwanangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na nimefurahi kusikia kwamba vibrafoni imefika Uyole. Mimi niko Iringa, nafundisha chombo hiki pamoja na kinanda, na wengi waliopita mikononi mwangu walitoka kwenye kwaya kama wewe. Wanakuja na mtaji mkubwa kuliko wanavyojua, nitakuonyesha.

La mota ni jepesi, tulimalize. Usitafute fundi. Mota haitoi sauti. Kazi yake ni kuzungusha visahani vilivyo kwenye midomo ya yale mabomba ya chini ya vibao. Visahani vikifunga na kufungua, sauti inapata ule mtetemo wa kuja na kuondoka. Vibao vyenyewe vinalia bila umeme. Gary Burton, Mmarekani aliyeieneza duniani namna ya kupiga kwa vijiti vinne, amejulikana kwa kupiga mota ikiwa imezimwa. Ila inama uvitazame hivyo visahani. Vikiwa vimelala vinaziba mabomba, na sauti inakuwa nyembamba kama ya mtu anayeimba amejifunika kanga mdomoni. Zungusha kile chuma kinachovishika, kwa mkono, mpaka visahani visimame wima, safu ya mbele na ya nyuma. Kisha piga kile kibao kirefu kuliko vyote usikie tofauti.

Pesa ya fundi, kama ipo, iangalie sehemu nyingine. Achia pedali kabisa, halafu piga kibao kimoja kimoja toka chini hadi juu. Kila kimoja kinatakiwa kitoe mlio mfupi, mkavu. Kikiwepo kinachoendelea kulia, basi ule utepe mzito wa kitambaa unaoshika vibao umeliwa au haukai sawa mahali hapo. Huo ndio ufundi wa kulipia, kwa sababu bila utepe mzuri mengi ninayokuandikia hapa hayatafanyika.

Sasa zile sauti zinazochanganyikana. Tatizo haliko kwenye kodi zako, liko mguuni. Kinanda kimekuzoesha kwamba ukiinua kidole, sauti imekwisha. Marimba nayo ni ya mbao, ukiipiga inalia kidogo na kunyamaza yenyewe. Kibao cha vibrafoni ni cha aluminiamu. Pedali ikikanyagwa utepe unaachia, na sauti inaendelea kwa sekunde kadhaa. Ukipiga kodi ya pili wakati ya kwanza bado inalia, hewani kuna sauti nane, si nne. Ya tatu inafanya kumi na mbili. Sikio gani litazichambua?

Nami nilipokuwa mgeni wa chombo hiki nilikanyaga pedali tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho, maana niliupenda mno ule mlio mrefu. Aliyenirekebisha ni mpiga besi mmoja mtu mzima. Aliniambia nimtazame dereva wa lori anayeshuka mlima wa Kitonga: mguu wake haulali kwenye breki, unagusa na kuachia, unagusa na kuachia, na gia ndiyo inayobeba mzigo. Tangu siku ile sijamfundisha mwanafunzi yeyote kodi kabla sijamfundisha mguu.

Kwa hiyo Jumanne ijayo usipige kodi hata moja. Shika kijiti kimoja kila mkono. Metronomu ya simu iweke kwenye mapigo 60 kwa dakika, na kila nota ichukue mapigo mawili. Kanyaga pedali, piga C. Wakati uleule kijiti kinapogusa D, mguu upande na kushuka tena, haraka kama kope inavyopepesa, kisigino kikiwa kimebaki sakafuni. C inakatika, D inaanza. Mguu ukiwahi utasikia shimo kati ya nota. Ukichelewa utasikia C inaburuta mkia ndani ya D. Endelea E, F, G, kisha rudi. Ukiweza kufanya hivyo kwa dakika 10 bila shimo wala mkia, umevuka mto ambao wengine wanakaa ng'ambo yake mwaka mzima.

Pedali, hata hivyo, inazima vibao vyote kwa pamoja. Kuna wakati unataka sauti moja inyamaze na zilizobaki ziendelee, na hapo kijiti chenyewe ndicho kinachozima. Kanyaga pedali, usiiachie. Piga C ya oktava ya kati kwa mkono wa kulia. Sasa piga B iliyo chini yake kwa mkono wa kushoto, na wakati huohuo kichwa cha kijiti cha kulia kirudi juu ya C na kutulia pale, kama unavyomwekea mtoto kidole mdomoni anyamaze. Kisha kulia kinapiga A, kushoto kinazima B. Shuka hivyo mpaka F. Mwanzoni kijiti kitadunda na kuipiga C mara ya pili badala ya kuizima. Hiyo ni kwa sababu unakirusha. Kikandamize, kama unayebonyeza unga uliokandwa kuona kama umeumuka. Vijiti viwe vile vya kichwa cha mpira kilichofungwa uzi. Vya plastiki ngumu au vya shaba usivilete karibu na vibao hivyo kabisa.

Tuje kwenye kodi, na hapa nitazungumza nawe kikwaya.

Vibrafoni ya kawaida ina vibao 37, yaani oktava tatu, na kibao cha chini kabisa ni F iliyo chini ya C ya katikati ya kinanda. Maana yake huna besi. Una sauti za tena, alto na soprano. Kwenye bendi mzizi wa kodi, yaani nota inayoipa kodi jina, uko kwa mpiga besi, na ukiupiga wewe tena kwenye vibao vile virefu unamkanyaga mwenzako na kujaza tope. Wapiga kinanda wote wanakuja na mazoea ya mkono wa kushoto kushika mzizi. Acha hayo mazoea kwenye kinanda.

Ukiondoa mzizi, sauti zinazoitambulisha kodi ni mbili: ya tatu na ya saba, ukihesabu kwenye skeli kuanzia mzizi. Ya tatu inakuambia kama kodi ni meja au maina. Ya saba inakuambia kama imetulia au inataka kuhama. Nyingine zote ni mapambo, mazuri sana, lakini ni mapambo.

Chukua mwendo unaokutana nao kuliko mwingine wowote kwenye jazi, katika ufunguo wa C: D maina saba, G saba, C meja saba. Tumia mkono wa kushoto peke yake, vijiti viwili. Kwanza C ya katikati na F iliyo juu yake. Pili B na F ileile. Tatu B ileile na E. Sasa ziimbe kwa solfa: do na fa, ti na fa, ti na mi. Do imeshuka ikawa ti wakati fa imetulia. Kisha fa ikashuka ikawa mi wakati ti imetulia. Mmoja anasogea nusu hatua (umbali mdogo kuliko wote kati ya nota mbili), jirani yake anamsubiri. Alto na tena wa kwaya yenu wanatembea hivyo kila Jumapili. Huo ndio mtaji niliousema.

Na hapa zoezi la kuzima linaanza kulipa. Ukitoka kodi ya kwanza kwenda ya pili, F usiipige tena, iache iendelee kulia. Piga B kwa kijiti cha nje cha kushoto, na kijiti cha mkono wa kulia kije kuizima C. Sauti moja tu imebadilika, na kodi nzima imebadilika. Mara ya kwanza nilipolisikia hilo likitoka mikononi mwangu mwenyewe nilirudia mpaka giza likaingia.

Kaa na sauti hizo mbili wiki mbili, hata tatu. Halafu ndipo uongeze mkono wa kulia: juu ya D maina piga A na E, juu ya G saba piga A na E zilezile, juu ya C piga G na D. Kwa solfa ni la na mi, la na mi, so na re. Mkono wa kulia unahama mara moja tu katika kodi tatu, na umbo lake halibadiliki. Ukipiga yote kwa pamoja utasikia jazi yenyewe, na hakuna hata kodi moja kati ya hizo tatu uliyopigia mzizi.

Kuhusu kushika vijiti vinne nitasema kidogo, kwa sababu mkono hufundishwa kwa kuonyeshwa. Mtindo wa Burton ndio uliozoeleka zaidi kwa vibrafoni: kijiti cha ndani kiko kati ya kidole gumba na cha shahada, cha nje kiko kati ya cha shahada na cha kati, vinapishana kiganjani, na vidole viwili vya mwisho vinavibana pale vinapopishana. Ukija kupiga solo bila kuweka vijiti chini, wengi hutumia cha ndani cha kushoto na cha nje cha kulia. Asubuhi za Juni na Julai huko kwenu, osha mikono kwa maji ya moto kwanza. Mkono wa baridi unabana vijiti, na ukibana unaumia mkono.

Ukitoka hapo, nenda kwenye bluzi ya bari 12 katika F, kila bari ikiwa na mapigo manne. Kodi zake ni tatu tu. F saba iko bari ya 1, B-flati saba ya 2, F saba ya 3 na 4, B-flati saba ya 5 na 6, F saba ya 7 na 8, C saba ya 9, B-flati saba ya 10, F saba ya 11, na C saba ya 12 inakurudisha mwanzo. Kwa mkono wa kushoto, F saba ni A na E-flati. B-flati saba ni A-flati na D. C saba ni B-flati na E. Pima umbali kati ya sauti hizo mbili kila mara: ni nusu hatua sita, umbo lilelile. Kutoka F saba, ukilisogeza nusu hatua chini umefika B-flati saba, nusu hatua juu umefika C saba. Bluzi nzima imo ndani ya upana wa kiganja.

Lakini kwa macho umbo hilo linakudanganya. Kwenye A na E-flati, kijiti cha nje kiko safu ya karibu nawe na cha ndani kiko safu ya mbali. Ukienda A-flati na D mambo yanageuka: cha nje kinakwenda safu ya mbali, cha ndani kinarudi karibu. Usijaribu kulifanya hilo kwa kifundo cha mkono peke yake. Kiwiko ndicho kinachotoka nje na kurudi ndani, kama mtu anayefungua na kufunga mlango. Fanya badiliko hilo moja mara 50 polepole, bila wimbo wowote, ukitazama kiwiko. Nakuhakikishia ni dakika 10 zenye faida kuliko kupitia kodi 40 za mtandaoni.

Sasa solo. Unapanda na kushuka skeli kwa sababu mikono yako inaijua njia hiyo na sikio halijaombwa ushauri. Ngoja nikupeleke kanisani tena. Pambio likianza, mwimbishaji anatupa maneno, kusanyiko linapokea. Raundi ya pili anabadilisha neno moja. Raundi ya tatu anachelewa kuingia kidogo, watu wanainama mbele kumngoja. Ya nne anapanda juu mahali ambapo mwanzo alishuka. Hajaacha wimbo, na hakuna mtu anayepotea. Anabuni papo hapo, na anapumua. Umeyashuhudia hayo tangu ukiwa mgongoni mwa mama yako. Solo ya jazi ni kazi ya mwimbishaji.

Milt Jackson, ambaye kwangu mimi hajatokea mpiga vibrafoni anayeimba kwa vijiti kuliko yeye, alizaliwa Detroit mwaka 1923 na alikulia kwenye uimbaji wa injili. Kwa kawaida alipiga kwa vijiti viwili tu. Hata mtetemo wa mota aliupunguza ukawa wa taratibu, kama mizunguko 3.3 kwa sekunde, wakati Lionel Hampton aliyemtangulia alikuwa kwenye 10 hivi. Msikilize na kundi lake la Modern Jazz Quartet. Usihesabu nota anazopiga. Sikiliza anaponyamaza, kisha jiulize kama mwimbishaji wa kwenu naye angevuta pumzi hapohapo. Ukimaliza kwake, mtafute Mulatu Astatke wa Ethiopia, mzaliwa wa Jimma, aliyezichukua skeli za nota tano za kwao na kuziweka kwenye vibrafoni pamoja na kodi za jazi. Kwake utaona kwamba si lazima uache kwenu ndipo uingie kwenye jazi. (Usichanganye na majina ya bendi zetu za zamani kama Morogoro Jazz au Western Jazz. Hizo zilikuwa bendi za dansi, na nzuri mno, ila neno jazz kwao lilikuwa jina la bendi ya kisasa tu. Mwanafunzi mmoja alitumia mwezi mzima kutafuta bluzi mle.)

Zoezi la solo ni hili. Kwenye bluzi ya F ruhusu nota tatu pekee: F, A-flati na B-flati. Imba bari mbili kwa sauti, neno lolote, "la la" inatosha. Bari mbili zinazofuata piga ulichoimba, si kingine. Ukishindwa kukiimba, hairuhusiwi kukipiga. Nota zikiwa tatu hakuna skeli ya kupanda, itabidi ucheze na muda: uchelewe, urudie, unyamaze. Kaa hapo wiki nzima.

Baada ya wiki, ongeza kutua. Kwenye F saba tua juu ya A, na B-flati saba ikiingia tua juu ya A-flati. Nusu hatua hiyo moja inatosha kumjulisha msikilizaji kwamba kodi imebadilika, hata kama hakuna mtu anayekupigia kodi. Ni sauti ileile ambayo mkono wako wa kushoto umeshaizoea. Kutoka hapo unaweza kuikaribia nota ya kutua kutoka nusu hatua chini yake, G-shapu kwenda A kwa mfano, na utaanza kusikika kama mtu anayeijua lugha. Nikikuta mwanafunzi ana sehemu mbili tu za kutua lakini anazifikia kwa wakati wake, nampa nafasi ya kupiga na bendi kabla ya yule anayejua skeli 12 na hajui zinaelekea wapi.

Saa mbili kwa wiki ni chache, lakini nyingi ya kazi hii haihitaji chombo. Chukua maboksi yaliyofunguliwa, yalaze juu ya vibao, chora kila kibao kwa ukubwa wake halisi kwa peni. Nyumbani tandika mchoro huo juu ya meza na ufanyie mazoezi ya kiwiko na ya vijiti vinne bila kumsumbua jirani. Sauti mbili mbili zipige kwenye kinanda chako kwa mkono wa kushoto huku ukiimba mzizi kwa sauti ya besi; ukiweza kuimba mzizi na kupiga ya tatu na ya saba kwa wakati mmoja, kodi hiyo imeshakuwa yako. Imba solo ukiwa njiani, daladalani hata kimoyomoyo.

Ile saa ya Jumanne iwe ya mguu na kuzima, nusu saa kwa nusu saa. Ya Jumamosi iwe dakika 20 za kodi za C, dakika 20 za bluzi, na zilizobaki solo. Ule mwendo wa kodi tatu wa C usiuhamishie ufunguo mpya kabla ya mwezi kuisha. Ukifika wakati huo nenda F, kisha B-flati, kisha E-flati. Katika F utaona kwamba E ya chini haipo kwenye chombo chako, kwa hiyo sauti itabidi uzigeuze: B-flati na F, B-flati na E, A na E.

Kila Jumamosi rekodi bari 12 kwa simu. Iweke hatua tatu mbali na chombo, kwa sababu ukiiweka karibu utasikia migongano ya vijiti kuliko milio ya vibao. Usiisikilize siku hiyohiyo, ngoja Jumatatu. Baada ya wiki sita nitumie moja, hata kama huipendi. Nitaanza kusikiliza mguu.